Visu vya kukunja vya flipa ya mbele, watu wanapendea nini hasa?

stoo_kariakoo

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie hili jambo maana limenikaa kichwani wiki nzima. Mimi natembea na kisu cha kukunja mfukoni miaka na miaka, sio kwa ubaya, niko stoo ya vifaa vya umeme hapa Kariakoo, kutwa nzima ni kukata zile kamba za plastiki za kufungia mizigo, kupasua maboksi, kumenya waya pale mteja anapotaka aione shaba kwa macho yake. Nilianza na Okapi kama wengi, baadaye nikahamia kwenye hivi vya Kichina vyenye flipa, kile kichomozo cha mgongoni unakibonyeza kwa kidole cha shahada bapa linatoka lenyewe. Nimekitumia mpaka mkono unakijua gizani.

Sasa mwezi huu binamu yangu karudi kutoka Maskati kaniletea kisu zawadi. Kizuri jamani, mpini wa titani rangi ya kijivu, chembamba, hakina kona inayokuchoma popote, ukikishika ni kama kokoto lililosuguliwa na bahari. Ila nakigeuza huku na huku sioni pa kufungulia, hakina tundu la gumba, hakina vile vichuma vya pembeni vya kusukumia, mgongoni kumenyooka tu. Nikajua hiki ni cha kufungua kwa kucha. Binamu akakichukua, akaweka gumba pale kichwani kabisa, kwenye ncha ya mpini upande wenye skrubu kubwa, kumbe kuna kijipembe kama punje ya mchele kina mistari mistari, akakivuta kuja nyuma, tak! kiko wazi. Anasema hiyo ndio flipa ya mbele na wenzake kule kazini wanazikusanya, kuna mmoja anazo sita.

Mimi leo siku ya nne kinanishinda. Mara gumba linateleza, mara kinafunguka nusu kinabaki kimekaa kama mdomo wa kunguru, na hapa naandika ngozi ya gumba imechubuka. Sasa swali langu ni la dhati kabisa, mtu anatoa kichomozo cha mgongoni ambacho mtoto mdogo anaweza kukibonyeza, anaweka kijipembe ambacho mpaka ujifunze, kwa faida gani? Na hao wanaokusanya wanaona nini ambacho mimi sijakiona? Na je, kisu changu kinaweza kuwa kibovu au ni mkono tu? Sitaki kukiuza maana ni zawadi ya ndugu yangu, nataka nikielewe.

---

fundi_makali_tanga

Mkuu, kisu chako kizima na mkono wako hauna tatizo. Nanoa na kufungua visu vya watu karibu kila siku na hili la kwako nimeliona mara nyingi mno, shida haiko kwenye gumba, iko kwenye vidole vitatu vya chini.

Ngoja nikueleze kilicho ndani. Umesema mpini ni titani, nina uhakika loki yake ni ya fremu, yaani kipande cha mpini wenyewe upande mmoja kimechanwa kikawa kama ulimi wa springi, kisu kikifunguka ule ulimi unaingia nyuma ya bapa unalizuia lisirudi. Kwenye ule ulimi, kwa ndani, kuna gololi ndogo sana imepachikwa, na kwenye bapa kuna kitobo. Kisu kikiwa kimefungwa ile gololi imedumbukia kwenye kitobo, ndio maana hakifunguki mfukoni hata ukikitikisa. Ili kifunguke lazima nguvu ya gumba iizidi ile gololi, na ikishatoka tu kwenye kitobo ile nguvu yote uliyokuwa umeilimbikiza inalirusha bapa nje. Hapo ndipo ile tak inapotoka. Sasa mtu mgeni anafanya nini, anakikumbatia kisu kwa vidole vyote kwa kuogopa kisidondoke, vile vidole vinakaa juu ya ulimi vinaubana kwa ndani, gololi inazidi kuzama, gumba linapambana na mkono wake mwenyewe. Lazima lichubuke.

Fanya hivi. Zungushia makali selotepu tabaka mbili kwanza. Shika kisu kwa pembeni, vidole vikae kwenye kingo za mpini au juu ya klipu ya mfukoni, visiguse ule ulimi. Angalia pia visikae mbele ya upande wa wazi linakotokea bapa, maana utalizuia. Gumba lako weka nyama ile laini juu ya kijipembe, sio ncha ya kucha. Halafu usikisukume kwenda juu, kivute kuja kwako, kwenye bonde lile kati ya gumba na kidole cha shahada, mvuto mmoja usiosita. Na usitikise kiwiko wala kifundo cha mkono. Ukisita katikati ndio unapata mdomo wa kunguru.

Kitu kingine muhimu, usikisahau. Kwenye flipa yako ya zamani ukifunga kisu kwa mkono mmoja, kile kichomozo ndio kinagonga kidole kwanza kabla makali hayajafika, kwa hiyo umeshazoea kuliachia bapa lidondoke. Huku hakuna hicho kitu. Kijipembe cha mbele kisu kikifunguka kinazunguka kinazama ndani ya mpini, ukiwa unafunga hakuna cha kukukinga. Toa gumba kabisa kwenye njia ya bapa. Nimeshamfunga bandeji kijana wangu hapa kwa sababu hiyo hiyo.

Jaribu leo usiku uje utuambie.

---

babu_wa_Himo

Vijana mnapenda mashaka. Mimi Okapi yangu ninayo tangu nikiwa konda wa basi, mpini wa mbao, ule mwezi na nyota za chuma bado vinang'aa, ukiifungua inalia krrr krrr krrr kila mtu ndani ya basi anajua mzee anamenya chungwa. Ukitaka kufunga unavuta pete inarudi. Hakuna gololi, hakuna skrubu ya kulegea. Hizi ndizo zilikuwa zinatoka Solingen Ujerumani tangu 1902, walizitengeneza kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika na sisi huku tukiwamo, siku hizi zinatoka Afrika Kusini. Zaidi ya miaka mia na bado inauzwa. Kijana, nieleze hicho kijipembe kinakata nini ambacho Okapi haikati?

---

fundi_makali_tanga

Shikamoo babu. Hakikati cha zaidi, chuma ni chuma. Okapi naiheshimu, nanoa nyingi na zile za zamani zinashika makali haraka kuliko vitu vingi vya bei.

Ila wazo la kijipembe cha mbele sio la vijana, babu. Kumbuka wembe wa kinyozi wa zamani, ule wa kukunja. Nyuma ya bapa kuna mkia umechomoza nje ya mpini, kinyozi anauinua ule mkia kwa kidole bapa linatoka, na wakati ananyoa kidole kinakaa pale pale. Wajapani nao wana kisu kinaitwa higonokami, kinatoka mji wa Miki mkoa wa Hyogo tangu mwishoni mwa miaka ya 1800, bati limekunjwa likawa mpini, bapa limeingia katikati, na mkia umetokeza mbele, wenyewe wanauita chikiri. Hakina loki kabisa, ukikata unaushikilia ule mkia kwa gumba, gumba lako ndio loki. Watoto wa shule kule walikuwa wanachongea penseli. Flipa ya mbele ni ule mkia umefupishwa mpaka ukabaki punje, wakaongeza gololi na beringi ili kazi ya kuinua iishe kwa mvuto mmoja.

---

mama_makochi_Nairobi

Hamjambo nyote. Mimi nashona makochi hapa Ngara, na hii mambo ya flipa ya mbele ninaijua kwa sababu ya kazi, so wacha niongee kama mtu wa kazi.

Nilikuwa na ile flipa ya kawaida, ile iko na kichomozo nyuma. Ninavaa aproni iko na mfuko mkubwa mbele na kisu inakaa hapo na chaki na makasi. Siku moja nimemaliza kochi ya veluti ya kijani, kitambaa mteja alinunua mwenyewe na pesa mingi, nikainama niikague, kile kichomozo kikashika uzi. Niliskia tu trrr. Mstari urefu wa kidole kwa mkono wa kochi, na veluti haifichi kitu, hata upige pasi ya mvuke aje utauona. Nililipa kile kitambaa na nikaketi chini nikaiangalia hiyo kisu nikajiuliza mbona iko na mwiba.

Sasa ile ya mbele ikifungwa ni laini kila mahali. Kijipembe kimejificha kwa kichwa, hakishiki uzi, hakitoboi mfuko wa jinzi, ukiingiza mkono kutafuta funguo hakikudungi. Hiyo ni ya kwanza.

Ya pili watu hawaisemi na kwangu ndio kubwa zaidi. Flipa ya kawaida ikifunguka kile kichomozo kinashuka chini kinakuwa kama kizuizi kati ya kidole na makali. Watu wanasema ni usalama, sawa. Lakini mimi nakata sponji na kadibodi juu ya meza, nataka makali yalale kwa meza yote kutoka nyuma mpaka mbele. Ukiwa na kile kizuizi kinagonga meza kwanza, makali ya nyuma yanabaki juu hewani, yaani sehemu yenye nguvu kuliko zote ya kisu huwezi kuitumia. Ile ya mbele hakuna kitu hapo chini, makali yanalala. Nikikata ukanda wa sponji ya inchi mbili naweka ruler, naanza na kisigino ya kisu narudi nayo mpaka ncha, mkato mmoja, ukuta umesimama wima kama umekatwa na mashine.

Kujifunza kuifungua ilinichukua kama wiki mbili na sikuona kama mashaka, kaka. Hata kushika sindano ya kochi mtu anafundishwa.

---

stoo_kariakoo

Fundi, Mungu akubariki. Nimeinua vidole tu, sikubadilisha kitu kingine, mara ya tatu kimefunguka chote. Kumbe siku zote nne nilikuwa napigana na mkono wangu. Nimekaa kitandani nimekifungua kama mara hamsini mpaka mke wangu akauliza hiyo tak tak ni ya nini.

Na kuna kitu nimeanza kukiona. Ile flipa ya zamani ukibonyeza ni kama swichi, haikuulizi kitu. Hii kama sijatulia inanikatalia. Asubuhi nimefungua vizuri mara zote, mchana kontena limeingia nina haraka, kikanigomea mara mbili, ikabidi nisimame nikishike upya kwa utaratibu. Sijui kama naeleweka lakini nimekipenda kwa hilo.

Dada wa Ngara, hilo la makali kulala mezani sikuliwaza kabisa, nimeenda kujaribu kwenye boksi la nyaya ni kweli tupu. Pole kwa ile veluti.

---

nahodha_mdogo_Kizimkazi

Nitasema tofauti kidogo. Mimi niko baharini, mashua ya watalii asubuhi na mishipi jioni. Nilikuwa nayo hiyo ya mbele, niliipenda sana nyumbani, lakini kwa kazi ya maji haifai. Mkono una magamba na ule utelezi wa samaki, kijipembe punje ya mchele utakishikia wapi? Kinateleza, unakirudia, mshipi umeshakaza umezunguka kwenye mwiba wa papa au kwenye mkono wa mtu. Pale unataka tundu kubwa la gumba ambalo hata ukivaa glovu unalipata, au kisu kisichokunjwa kabisa kiko kwenye ala kiunoni. Basi.

Na chumvi. Changu kilikuwa cha chuma cha D2, hiki kina kromu kama asilimia 12 na kaboni nyingi, kinakaa na makali muda mrefu lakini kwa hewa yetu ya pwani kinatoa vidoa vya kutu usipokifuta, na vibaya zaidi vinaanzia pale pale kwenye kile kijipembe kwa sababu gumba lenye jasho linagusa hapo kila siku. Kama unaishi pwani tafuta kile cha Kiswidi 14C28N, kromu iko 14 na kaboni ndogo, nimekitumia mwaka wa pili sasa nasuuza kwa maji baridi nafuta kwa kanga ya zamani, hakijaota hata doa. Kariakoo mko mbali kidogo na maji lakini Dar nzima ni hewa ile ile, kuwa makini.

Nyumbani jioni nikiwa nakata ndimu na kuchonga kijiti, hapo ndio natamani ile yangu. Niliigawa kwa shemeji.

---

mtu_wa_Leeds

Wakuu mimi naomba niongezee upande wa sheria maana naona wengi mnaletewa visu na ndugu wa nje na wengine mnasafiri. Huku Uingereza kisu unachoruhusiwa kutembea nacho hadharani bila kutoa sababu ni cha kukunja, kisicho na loki, makali yake yasizidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6. Iko kwenye sheria ya 1988. Kisu chenye loki, hata kama ni kidogo kama kidole, mahakama zao hazikihesabu kama cha kukunja, kwa hiyo ukikamatwa nacho lazima uwe na sababu inayoeleweka kama kazi. Flipa za mbele nyingi zina loki, kwa hiyo usimbebee mtu zawadi ukaiacha kwenye koti ukaingia nayo mjini. Ujerumani nako tangu 2008 kisu chenye loki kinachofunguka kwa mkono mmoja kimewekewa masharti ya kutembea nacho. Na kwenye ndege, kisu kiweke kwenye begi linaloenda chini, sio la mkononi, maana pale kinaweza kuchukuliwa na usirudishiwe.

Lakini nimependa huu uzi kwa sababu nyingine. Mimi nakusanya hizi, ninazo nne, na kwa sheria hiyo zinakaa nyumbani, hazitoki. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza kama stoo_kariakoo alivyouliza, unapendea nini kitu usichokitumia kazini? Ninayoipenda kuliko zote ni Kizer Feist, iliyochorwa na Justin Lundquist, Mmarekani, ikatengenezwa China mji wa Yangjiang ambako visu vingi vya aina hii vinatoka. Titani tupu, bapa la chuma cha S35VN. Ukiangalia imefungwa huoni kisu, unaona umbo. Kila mstari unaishia pale unapotakiwa kuishia. Mchoraji wa flipa ya kawaida lazima atafute pa kukiweka kile kichomozo, na mara nyingi kinakaa kama nundu kwa sababu lazima kiwe pale kidole kinapofika. Mchoraji wa flipa ya mbele anafanya kichwa cha bapa chenyewe ndio kiwe kitasa, kwa hiyo mgongo wote wa kisu uko huru, anaweza kuunyoosha, kuukunja, kuufanya mwembamba atakavyo. Ndio maana nyingi zinafanana na kalamu au na ule wembe wa kinyozi aliousema fundi. Nikitoka kazini usiku, nimesimama ghalani masaa kumi, nakaa nafungua na kufunga taratibu. Mikono inatulia.

Halafu ipo namna nyingine ya kufungua ambayo haijasemwa. Sio lazima irushwe. Weka gumba, izungushe taratibu mpaka bapa lifike nusu, halafu msukumo wa pili kwa gumba hilo hilo kwenye mgongo wa bapa unamalizia. Ni kimya kabisa. Mke wako hatauliza tena.

---

babu_wa_Himo

Nimemsikia mama wa makochi na nimemwelewa, hilo la meza ni la mtu anayejua kazi. Na huyo wa Leeds, pole na ghala mwanangu. Okapi siiachi, lakini mjukuu wangu yuko chuo Arusha anataka kununua hizo, nitamwambia asome hapa kwanza.

---

kinyozi_wa_Likoni

Mimi nimepita tu. Nilifundishwa ule wembe wa kukunja na marehemu baba, na huo mkia mnaosema kazi yake sio kufungua peke yake. Kidole cha mwisho kinakaa juu ya mkia, unaupa wembe uzito wa nyuma, ndio mkono hautetemeki shingoni mwa mtu. Ukiukata ule mkia ukabaki punje umeondoa mizani. Kwa kisu cha kukatia boksi haina neno, ila msifananishe sana.

---

fundi_makali_tanga

Kinyozi uko sahihi kabisa, mkia mrefu una kazi ya kushikilia na ule mfupi kazi yake inaisha kisu kikishafunguka. Nashukuru kwa kunirekebisha.

Kwenye higonokami ndio bado unashikilia, na kuna wanaozitafuta kwa sababu hiyo.

---

stoo_kariakoo

Wakuu mmenijibu kuliko nilivyotegemea. Swali la mwisho kwa fundi halafu nawaachia. Leo naona bapa limeanza kucheza kidogo kushoto kulia, sio sana, ukilishika ncha ndio unasikia. Ni ile kufungua mara hamsini au? Na nimenyunyiza mafuta ya kupikia kidogo kwenye skrubu maana sikuwa na mengine.

---

fundi_makali_tanga

Mafuta ya kupikia hapana mkuu. Yanaganda yanakuwa kama gundi, ndani ya mwezi vumbi la Kariakoo lote litakuwa limekaa humo na kisu kitakuwa kizito. Yatoe kwa kudondoshea spiriti ile ya zahanati kwenye ufa wa mhimili, fungua funga mara kadhaa, futa kinachotoka, rudia mpaka kitambaa kitoke kisafi. Acha kikauke kabisa. Halafu tone moja la mafuta ya cherehani kila upande, na usizidishe tone.

Kucheza kwa bapa ni skrubu ya mhimili imelegea, kisu kipya hicho ni kawaida, hakijaharibika. Utahitaji bisibisi ya Torx, ile yenye ncha ya nyota, kwenye visu vingi mhimili ni T8 na skrubu ndogo za mpini ni T6, zinauzwa hapo hapo kwenu kwa mafundi simu, nunua ile ya chuma kizuri maana ya bei poa inazunguka inakula kichwa cha skrubu halafu hiyo skrubu utaitoa kwa msumeno. Kaza kidogo sana, robo ya robo ya mzunguko, jaribu kufungua, sikiliza. Ukikaza kupita kiasi bapa litakuwa zito na gumba litaanza kuchubuka tena utadhani umesahau ulichojifunza. Kile unachotafuta ni mahali ambapo bapa halichezi na ukibonyeza ulimi wa loki linashuka lenyewe kwa uzito wake, kwenye visu vya beringi huwa linashuka hivyo.

Ukishapapata, toa ile skrubu peke yake, weka gundi ya skrubu ya rangi ya bluu kiasi cha kichwa cha kiberiti, nyekundu usiguse kabisa maana mpaka uipige moto ndio iachie. Irudishe pale pale, iache usiku mzima bila kukifungua. Na usije ukakifungua kisu chote juu ya kitanda, zile gololi za beringi kwenye visu vingine haziko kwenye kibanio chake vizuri, zikidondokea kwenye shuka ni ndogo kama mbegu za mchicha. Fanyia kwenye sinia lenye kitambaa cheupe, mchana, karibu na dirisha.